Tetemeko la Nchi Katika Habari za Wamisionari

Wamenonite wa Marekani walifungua kituo cha Shirati mwaka 1934, katika nchi iliyokuwa ya Tarime kabla ya Rorya kutengwa mwaka 2007. Wasomaji wa Biblia huko Mara wanayo habari ya wamisionari waliopatwa na tetemeko ugenini: Paulo na Sila gerezani Filipi, Matendo ya Mitume, sura ya 16. Uzuri wake, kwa maoni yangu, ni ufupi wa tetemeko lenyewe. Misingi yatikisika, milango yafunguka, vifungo vyalegea, basi. Kisha mwandishi amshika mlinzi, mwenyeji wa pale, aliyekwisha kuchomoa upanga ajiue, wala hamwachi mpaka amewaosha wageni majeraha na kuwalisha.

Barua ya kimisionari ina hatari ya kwenda kinyume. Huandikiwa waliomtuma mwandishi, nao wataka kujua kwanza kama yu hai. Hapana ubaya, lakini mwenyeji aliyeangukiwa na nyumba aweza kupata mstari mmoja tu.

Tetemeko la Kagera, ng'ambo ya ziwa, la 10 Septemba 2016, liliua watu wasiopungua 17. Magazeti yaliliita “tetemeko la ardhi”. Biblia ya 1952 yasema “tetemeko la nchi”, nami nalipenda hilo zaidi, maana nchi ni udongo, tena ni watu wake. Hata hivyo mlinzi wa Filipi hakutajwa jina, na hiyo ndiyo kasoro niionayo katika sura ile.