Sauti Imerudi, Shairi Je?



Katika vikao vyetu vya ughaibuni, kuanzia Maskati hadi London, kuna neno linalorudiwa siku hizi kwa furaha: kwamba simu ya mkononi imeufufua ushairi wetu. Malenga aliye Mombasa anaghani, anatuma ujumbe wa sauti, na kabla ya alasiri amekwisha jibiwa kutoka Dubai na Toronto. Wasemao hivyo hawakukosea, ila wamesema nusu ya jambo.

Nusu hiyo ni kweli tupu. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa mazungumzo kabla ya kuwa kitabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwatungia watu wa mji wake, wasikie, wachukue na wajibu. Na Mazrui walipovutana na Seyyid Said, shairi lilikuwa silaha miongoni mwa silaha. Baadaye haja hiyo ya kujibizana ikatafuta njia nyingine: gazeti la Mambo Leo lililoanza Tanganyika mwaka 1923, kisha redio, kisha kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Kaseti hiyo wengi waliifanya barua, dakika 30 kila upande, ikasafiri mfukoni mwa msafiri. WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, haikutufundisha jambo jipya. Ilikuta kiu ya zamani, ikasogeza maji karibu.

Nusu iliyosahauliwa ni jinsi mashairi yale yalivyodumu. Ya Muyaka hayakuchapwa uhaini mwake. Yalikaa vinywani mwa watu mpaka mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor walipoyakusanya. Diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo chake. Ni kitu gani kilichoyalinda muda wote huo?

Sisi wahandisi tunalo jibu. Mwaka 1950 Richard Hamming wa maabara za Bell alichapisha njia ya kulinda habari isiharibike njiani: kwa kila tarakimu nne za ujumbe huongezwa tatu za ukaguzi, na tarakimu moja ikikosewa, kosa linajulikana liko wapi na linasahihishwa. Malenga wetu walikuwa na ukaguzi wao zamani. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mwenye kughani akisahau neno, mizani zinapungua na sikio linashtuka. Akitia neno jingine, kina kinalikataa. Na kwa kuwa maneno yanayotimiza mizani, kina na maana kwa pamoja ni machache, mara nyingi neno lililopotea hurudi lenyewe. Vina na mizani si pambo tu, ni walinzi.

Leo kazi ya ulinzi imechukuliwa na simu. Inakagua tarakimu zake yenyewe, na sauti inafika nzima hata kama kilichosemwa hakina urari wala vina. Ndiyo maana mengi yanayotumwa kwa jina la shairi ni marefu, mizani zimepinda, na msikilizaji hawezi kukariri hata ubeti mmoja. Atakayesema kwamba hakuna haja ya kukariri kwa kuwa simu imehifadhi, na ajiulize ni sauti ngapi alizopokea miaka mitano iliyopita anazoweza kuzipata leo. Simu inailinda sauti isiharibike njiani. Haimlindi mtu asisahau.

Jambo hili linatugusa sisi wa nje zaidi kuliko wa nyumbani. Watoto wetu wengi wanakisikia Kiswahili lakini wanajibu kwa lugha nyingine. Kusikiliza peke yake hakutawaponya. Sauti za kusikiliza wanazo tele. Kinachokosekana ni kulazimika kujibu. Anayetakiwa kujibu shairi kwa vina vilevile hana budi kulitafuta neno, kulipima, kuliacha na kushika jingine, na katika kutafuta huko ndimo lugha inamoingia.

Basi simu tusiitupe, ila tuidai zaidi. Malenga akitunga, aghani bila ya kusoma kwenye kioo. Akituma, ataje jina lake, mji na tarehe, ili Sikujua wa kesho asihangaike. Na mzazi akipokea ubeti mzuri, asiupeleke mbele kwa watu 100 kwa kidole kimoja. Amwite mtoto, waukariri pamoja, kisha mtoto huyo atume jibu, japo la mishororo miwili, kwa kinywa chake mwenyewe.