Sifa za Mchambua Jiwe

Mtu akiona amonaiti kwenye kabati la makumbusho, kombe limejiviringa na mbavu zimepangika toka kitovuni hadi mdomoni, humsifu Muumba. Pengine atamsifu na mtaalamu aliyelipa jina la Kilatini. Mimi namsifu wa tatu, asiyetajwa kwenye kibandiko: aliyelitoa ndani ya jiwe.

Amonaiti walikuwa jamaa wa ngisi na pweza. Kombe lao lilikuwa la vyumba. Mnyama alikaa katika chumba cha mwisho, na vya nyuma vikamsaidia kuelea. Walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita. Huko Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, majabali ya pwani yanapomomoka huwamwaga ufukweni hadi leo, wengine wakiwa wamefungwa ndani ya madonge ya chokaa. Ndiko Mary Anning (1799–1847), binti wa seremala, alikopata riziki kwa kuokota na kuuza visukuku.

Donge likipigwa nyundo mahali pake, hupasuka kufuata uso wa kombe, maana hapo ndipo jiwe lilipo dhaifu. Likipigwa ovyo, itafutwe gundi. Baada ya nyundo huja tindo, kisha kijitindo kinachoendeshwa kwa hewa ya kompresa, mwisho sindano chini ya hadubini. Asidi ya siki, inayofunua vizuri mifupa iliyomo kwenye chokaa, hapa ni adui: kombe nalo ni chokaa, litaliwa pamoja na jiwe. Basi hubaki mkono. Mchonga milango wa Lamu huamua mwenyewe ua lake liishie wapi; mchambua jiwe mpaka wake uliwekwa na mnyama, naye autafute gizani bila kuuvuka.

Panapomfichua fundi ni mdomoni mwa kombe. Baadhi ya amonaiti wadogo wana vijisikio viwili vyembamba pembeni mwa mdomo, na mwenye haraka huviondoa akidhani ni jiwe. Kwa miaka mingi wadogo hao walipewa majina yao na amonaiti wakubwa majina mengine, kama spishi mbalimbali. Mwaka 1962 Henryk Makowski wa Poland, na mwaka 1963 John Callomon, mkemia wa London, wakatetea kwamba wengi wao ni dume na jike wa spishi moja. Vijisikio vilikuwa sehemu ya ushahidi. Vingekwisha kuwa vumbi sakafuni, wangeonyesha nini?

Tena kuna wakati ustadi ni kubomoa. Mistari iliyojikunja kama ukingo wa jani, ambako kuta za vyumba zilishikana na kombe, haionekani mpaka gamba la juu liondolewe. Mtaalamu anaitaka mistari, mnunuzi anataka gamba linalong'aa. Kwangu fundi bora hufungua upande mdogo tu, akaliacha gamba lililobaki.

Nasi tumo. Miamba ya Jurasiki ya Mombasa ina amonaiti: mtaalamu Ernst Beyrich aliandika juu yao huko Berlin mwaka 1877, na mtaalamu L. F. Spath akaeleza habari zao kwa urefu mwaka 1930. Makumbusho yetu, Nairobi na Dar es Salaam, yanapochapa vibandiko vipya, chini ya jina la mtaalamu yaandike pia jina la aliyechambua jiwe.