Mlima wa Kuundwa na Sauti ya Nanga

Khofu ni miongoni mwa mali kongwe za fasihi. Bibi wa Muleba anayewasimulia wajukuu zake khabari za zimwi, na nje mvua inapiga migomba, huwatisha makusudi. Nao humsogelea zaidi na kutaka aendelee. Kwa hivyo anayeuza khofu kwa tiketi asihukumiwe kwa kuwa ametisha. Ahukumiwe kwa namna alivyotisha, na kwa kile alichomwachia aliyetishwa.

Kwa kipimo hicho nataka kuihakiki kazi moja iliyo mbali nasi. Katika jimbo la Florida, Marekani, imo bustani ya wanyama na michezo iitwayo Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Tarehe 7 Aprili 2006 bustani hiyo ilizindua Expedition Everest, treni ya mchezo ipandayo na kuporomoka, iliyojengewa mlima mzima wa chuma, saruji na rangi, wenye kimo cha takriban mita 60. Sijaipanda. Nimeisoma kama mtu asomavyo tamthilia ambayo hakupata kuiona jukwaani.

Kwa upande wa fani, kazi hii ni ya bingwa. Abiria hupitishwa kwanza katika kijiji cha kubuni cha Himalaya, wakaonywa kwamba mlimani yuko Yeti, mlinzi wa mahali patakatifu. Ndipo wanapopanda treni iliyotengenezwa kwa sura ya treni kuukuu ya kubebea chai. Hukwea hadi juu, ikakuta reli zimeng'olewa, husita, kisha hurudi kinyumenyume gizani. Mpenzi wa ushairi ataitambua hila hiyo: ni kama pindu, ambamo maneno yaliyofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua wa pili. Hapa mwisho wa njia umegeuzwa mwanzo wa safari. Hufuata mporomoko wa kiasi cha mita 24, na mwishowe Yeti mwenyewe. Taharuki imepangwa vyema. Hakuna kipande kilichozidi wala kilichopungua.

Lakini Yeti huyo ni sanamu yenye kimo cha zaidi ya mita 7, iliyoundwa ili imrukie abiria. Miezi michache baada ya uzinduzi sanamu iliacha kwenda. Kwa miaka mingi imebaki imeganda, ikimulikwa kwa taa za kumetameta ili ionekane kana kwamba inatikisika. Sisemi haya kwa kuwacheka mafundi. Najiuliza tu: zimwi lililokabidhiwa mashine, mashine ikikwama, nani atalihuisha?

Bukoba na Muleba zina jibu la kale. Huko nanga si ile ya jahazi. Ni ala ya nyuzi iliyochongwa katika ubao, na ni jina pia la tendi ziimbwazo kwa ala hiyo. Katika tendi hizo yumo Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Manju hakuwa na chuma wala taa, na Mugasha wake hakukwama, kwani aliinuka kwa sauti, na kila msikilizaji akampa umbo lake. Hata hivyo, Profesa M. M. Mulokozi alipoandika mwaka 1997 juu ya Habibu Selemani, manju wa nanga aliyefariki mwaka 1993, alimwita katika anwani ya makala yake wa mwisho wa manju. Hapo ndipo penye uchungu. Watu wa Florida wamemjengea hekalu mlinzi wa mlima usio wao, na sisi twamwacha mlinzi wa ziwa letu azame pamoja na waimbaji wake. Sifa hiyo tusiunyime mlima ule.

Kasoro yake ni nyingine: katika hadithi nzima, shujaa ni mgeni. Watu wa mlimani wamegeuzwa pambo la njia. Sisi wa pwani tusidhani hayo hayatuhusu, maana katika bustani iyo hiyo umo mji wa kubuni wa Kiswahili uitwao Harambe, yaani harambee iliyopunguzwa irabu. Sisi tuhesabuo mizani twajua kuwa silabi moja ikianguka, mshororo mzima huchechemea.

Kubuni mahali si dhambi. Kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, si mbali na Muleba, nacho ni kazi ya mkono wa mtu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, chini ya Bernhard Grzimek wa Frankfurt, waliachiwa huko sokwe 17 kutoka Ulaya, waliozoea vizimba. Hawakufundishwa maisha ya msituni. Walijifunza wenyewe, wakazaana, wakawa sokwe wa mwitu kweli. Lakini wakazi wa kisiwa walikuwa wamehamishwa, na kisiwa kilichopata sokwe kikapoteza wasimulizi.

Nasema haya kwa sababu zamu imefika. Tangu mwaka 2019 pameanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, inayoigusa Muleba. Wageni watakuja, nao watataka hadithi. Tukiwapa zimwi la plastiki, tutakuwa tumeiga kilichokwama na kuacha kilicho hai.

Tena Kagera haihitaji kufundishwa khofu. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9, nyumba zikaanguka Bukoba, na watu wakafa. Aliyetikiswa na ardhi yake mwenyewe hatoshwi na mtikisiko unaomalizikia mlangoni mwa duka la zawadi, kama ilivyo Florida. Hutaka maneno ya kumsaidia kubeba alichokiona. Bibi hulijua hilo: zimwi likishakufa, mjukuu huuliza kwa nini, na yeye hujibu. Mlima wa saruji hauulizwi kitu. Nanga huulizwa, nayo hujibu, maadamu yupo wa kuipiga.