Fundi Anayeirudisha Hitilafu

Tarehe 28 Februari 2024 jumuiya ya KDE ilitoa Plasma 6, toleo jipya la mazingira ya eneo-kazi yanayotumika katika kompyuta nyingi za Linux. Plasma 5 ilikuwapo tangu Julai 2014. Kwa karibu miaka kumi watu walikuwa wamepanga kila kitu wapendavyo: upau juu au chini, rangi, saa, wijeti ya hali ya hewa, mikato ya kibodi. Kisha mtu anasasisha, anawasha mashine, na mambo hayako alivyoyaacha. Hapo ndipo anapotafutwa fundi, na ukipata nafasi ya kumtazama fundi mzuri akifanya kazi hii, tulia umtazame hadi mwisho. Kwa muda mrefu utadhani hafanyi chochote.

Huanza kwa kuuliza kama kilichotokea ni hitilafu au ni uamuzi wa watu. Katika Plasma 5 folda ilifunguka kwa mbofyo mmoja. Plasma 6 inataka miwili. Mwenye mashine analalamika kwamba kipanya kimeharibika. Fundi anafungua mipangilio, anageuza chaguo moja, na malalamiko yanaisha. Aliyewahi kuchagua mwenyewe namna ya kubofya hakusumbuka, kwa kuwa chaguo lake lilikwisha andikwa kwenye faili. Aliyebadilishiwa ni yule ambaye hakuwahi kugusa kitu. Kujua jambo dogo kama hilo humwokolea fundi saa nzima ya kusaka kosa ambalo halipo.

Ikithibitika kwamba ni hitilafu kweli, fundi huangalia kwanza kile ambacho bado kinafanya kazi. Tuseme upau umetoweka na picha ya nyuma imegeuka nyeusi tii. Mwingine angezima mashine papo hapo. Fundi anashika dirisha lililokuwa wazi, analivuta huku na huko, analipunguza, analikuza. Linatii. Basi KWin, programu inayosimamia madirisha, ni nzima, na mshukiwa ni plasmashell, programu inayochora upau na picha ya nyuma. Anaiwasha upya hiyo peke yake bila kufunga barua ambayo mwenye mashine alikuwa akiiandika. Kwa kuvuta dirisha tu ameondoa nusu ya washukiwa.

Hitilafu ikirudi, anafungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine ileile na kuingia nayo. Kama upau unaonekana vizuri huko, basi programu zenyewe hazina kosa, wala draiva. Tatizo limo katika mipangilio ya yule mtumiaji wa zamani. Kama ugonjwa ni uleule, mipangilio yake haina hatia. Kwa vyovyote vile, anajua aelekee wapi.

Mipangilio hiyo hukaa zaidi katika folda iliyofichwa iitwayo .config, na humo zinaweza kuwamo faili kwa makumi. Wengi huifuta yote. Dawa hiyo huponya, ila inafuta pia miaka kumi ya mazoea ya mtu, na chanzo hakijulikani. Fundi mwenye subira anatoka kwenye akaunti kwanza, kwa sababu programu zinazoendelea kufanya kazi zinaweza kuandika upya faili alizoziondoa. Anabonyeza Ctrl, Alt na F3, anaingia kwa njia ya maandishi matupu, kisha anahamishia nusu ya faili pembeni bila kufuta hata moja. Anarudi kuangalia. Upau upo? Basi mkosaji yumo kwenye nusu iliyohamishwa. Haupo? Yumo kwenye iliyobaki. Anagawa tena. Faili 64 huishia kwenye faili moja kwa hatua sita, na mara nyingi moja hiyo ndiyo inayoorodhesha vilivyomo kwenye upau. Ndani yake anakuta jina la wijeti ya zamani iliyoandikwa kwa ajili ya Plasma 5. Plasma 6 imejengwa juu ya Qt 6, mkusanyiko wa zana za kuundia programu, na Qt 6 iliacha baadhi ya vipande ambavyo wijeti za zamani zilivitegemea.

Anapofungua kumbukumbu za mfumo kwa amri ya journalctl, macho yake hayahangaiki na kila onyo. Mashine nzima kabisa hulalamika mamia ya mara tangu inapowashwa. Yeye anaangalia saa ukutani, anasababisha hitilafu, kisha anasoma mistari iliyoandikwa dakika hiyo tu. Malalamiko yaliyokuwapo hata kabla ya kusasisha anayapita.

Kuna wakati uchunguzi humwonyesha kwamba kosa haliko mikononi mwake. Plasma 6 ilifanya Wayland kuwa njia ya kawaida ya kuchora skrini, mahali pa X11, itifaki iliyotoka mwaka 1987. Wengi wenye kadi za picha za Nvidia wakaona madirisha ya baadhi ya programu yakimetameta. Fundi anatoka, anachagua X11 kwenye skrini ya kuingilia, na kumetameta kunakoma. Tayari ameshajua tatizo liko tabaka gani. Draiva na mfumo wa madirisha havikuwa na njia ya kuambiana waziwazi ni lini picha imemalizika kuchorwa, hivyo chakula kilikuwa kikipakuliwa kabla hakijaiva. Kufikia mwishoni mwa Juni 2024, Plasma 6.1 na draiva za mfululizo wa 555 zilikuwa zimeleta njia hiyo. Kabla ya hapo, kumwambia mteja atumie X11 na asubiri lilikuwa jibu kamili la kifundi.

Hadhari yake haitokani na woga. Machi 2024 mtumiaji mmoja wa Plasma alipoteza mafaili yake baada ya kuweka mandhari iliyotengenezwa na mtu wa nje, na KDE ikalazimika kuwaonya watu hadharani. Ndiyo maana fundi hunakili kabla ya kugusa, hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na huandika alichobadilisha.

Ila ninalolihusudu zaidi ni analofanya mwishoni, wakati mwenye mashine ameshaanza kushukuru. Upau umerudi, kila kitu kinang'aa. Fundi anairudisha ile wijeti mbovu mahali pake kwa makusudi, na upau unatoweka. Anaiondoa, upau unarudi. Anarudia tena. Anayewasha upya mashine na kuikuta imepona hajui kama ameitibu au amebahatika. Kesho ikiugua ataanza upya. Anayeweza kuirudisha hitilafu kila anapotaka anaweza pia kuandika hatua zake katika mistari mitano na kuwapelekea waundaji, na mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo, akazifuata, akakiona kilekile na kukirekebisha kwa ajili ya watu wote.