X Plastaz na Wahakiki Wao: Nani Amesikiliza Maneno?

Utangulizi

Kuna kosa moja ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunalipenda sana, nalo ni kumhakiki msanii kwa nguo zake. Makala haya yanahusu kosa hilo, na mfano wangu ni kundi la X Plastaz la Arusha. Nakiri mapema kwamba hata mimi nimelifanya, tena mbele ya darasa zima.

Kwa wasiowafahamu, X Plastaz ni kundi la muziki wa kufokafoka lililoanza Arusha mwaka 1996. Katika waliovuma wamo Faza Nelly, Gsan, Ziggy, binti aitwaye Dineh, na Yamat ole Meipuko, maarufu kama Merege, ambaye huimba kwa Kimaasai. Mwaka 2004 kampuni ya Outhere ya Ujerumani ilitoa albamu yao iitwayo Maasai Hip Hop. Faza Nelly alifariki mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsan alitokea katika tuzo za BET Hip Hop huko Marekani, akaghani katika duara moja na KRS-One. Kwa kundi lililotoka mbali na studio kubwa za Dar es Salaam, hayo si mambo madogo.

Swali langu ni hili: katika safari yote hiyo, wahakiki walisikiliza nini?

Masikio ya nje

Santuri ikiuzwa dukani Ulaya lazima iwe na kibao cha kuivutia macho ya mnunuzi. Kibao cha X Plastaz kilikuwa Mmaasai na shuka lake jekundu. Ukishaona kibao hicho, uhakiki unajiandika wenyewe: jadi imekutana na usasa, fimbo imekutana na kipaza sauti. Sisemi ni uongo. Nasema tu kwamba sentensi ya namna hiyo mtu anaweza kuiandika kabla hata ya kufika wimbo wa tatu.

Wanazuoni walijitahidi zaidi. Sidney Lemelle aliandika mwaka 2006 juu ya utamaduni wa hip hop na watoto wa Arusha, na Katrina Daly Thompson alichapisha mwaka 2011 mahojiano na X Plastaz wenyewe. Hapo angalau wasanii wanapewa nafasi ya kusema. Lakini hata katika kazi hiyo ya pili, neno Maasai limekaa kwenye kichwa cha makala kama mlinzi mlangoni.

Masikio ya nyumbani

Sasa tusidhani sisi wenyeji tulisikiliza vizuri zaidi. Mjomba wangu, anayeishi Sanawari, ndiye aliyenipa CD yao nikiwa sekondari. Aliitoa kabatini, akaifuta vumbi, akasema, “Chukua. Ila hawa walikuwa wanawaimbia Wazungu.” Nimelisikia neno hilo hilo hapa chuoni mara nyingi, kutoka kwa watu ambao hawawezi kutaja hata nyimbo mbili za kundi hilo.

Hebu tujiulize tuhuma hiyo inatoka wapi. Mjini kwetu, Mmaasai katika mazungumzo ya mzaha ni mlinzi wa geti, au ni mtu wa kuigizwa lafudhi yake ili watu wacheke. Kwa hiyo tukimsikia Mmaasai ndani ya wimbo, hatufikirii kwamba ana neno la kutuambia. Tunafikiri amewekwa pale kwa ajili ya watalii. Tuhuma hiyo inafichua dharau yetu kuliko inavyofichua kosa la X Plastaz.

Profesa Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, anatufundisha kuitazama fasihi hiyo kama tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Haya, tulitazame hilo la mahali. Panda daladala ya Ngaramtoni asubuhi. Kwenye kiti kimoja utasikia Kiswahili cha kijana wa kijiweni, na kwenye kiti kinachofuata mama wa Kiarusha akizungumza Kimaa huku ameshikilia mkungu wa ndizi. Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru wanalima mahindi, ndizi na kahawa, na lugha yao ni hiyo hiyo ya Wamaasai. Maana yake ni kwamba kwa msikilizaji wa Arusha sauti ya Merege haitoki nyikani wala kwenye kadi za posta. Inatoka kiti cha jirani.

Fani na maudhui

Tukija kwenye maneno, nachukua wimbo mmoja tu, na ndani yake jina tu: Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki. Sikiliza takriri ya sauti dh, jinsi dhambi na dhiki zinavyofungwa kwa konsonanti moja kana kwamba ni ndugu. Kisha linganisha na methali yetu: mwenye njaa hana miiko. Methali inatoa hukumu na kufunga kesi. Wimbo unalichukua wazo lile lile na kuligeuza swali, halafu unamwachia msikilizaji jibu, awe hakimu, mwizi au mama aliyeibiwa. Huo ni ufundi wa lugha. Ukitafsiriwa Kijerumani, takriri inapotea, na picha ya shuka haiwezi kuirudisha.

Kuhusu Merege, katika uimbaji wa Kimaasai kiongozi wa wimbo huanzisha, na wenzake humshikia mapigo kwa sauti za kooni, kwa kawaida bila ngoma. Ndani ya studio kazi hiyo imechukuliwa na mashine. Mimi naona hapo ndipo penye mgogoro wa kweli wa kazi yao: kiongozi anaita, na anayeitikia ni mashine. Ni upweke huo, au ni ushirika mpya? Hilo ni swali la uhakiki. Shuka ni swali la fundi cherehani.

Wapo watakaosema huu si ushairi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 aliambiwa hana vina. Hawa wana vina vya kumwaga, sasa wanaambiwa hawana kitabu.

Hata hivyo sitawatetea kwa kila kitu. Jina la albamu limewabana wenyewe. Linaahidi Umaasai mahali ambapo sehemu kubwa ya maneno ni Kiswahili cha mitaa ya Arusha, na anayeuza kwa kibao asishangae wateja wakisoma kibao. Hapo mjomba ana hoja.

Kosa langu

Kwenye semina moja niliandika kwamba sauti ya Merege ni “kionjo”. Mwenzangu mmoja, mtoto wa Monduli, akaniuliza kwa upole, “Anasema nini pale?” Nikanyamaza. Nimezaliwa na kukulia Arusha, naweza kuchambua soneti za Shakespeare kwa ajili ya mtihani, lakini Kimaa sijui zaidi ya salamu.

Baadaye tulikaa jioni mbili, kila mtu na sikio moja la spika, yeye akifasiri na mimi nikiandika. Tafsiri hiyo siiweki hapa kwa sababu ni kazi yake, na ameahidi kuiandika mwenyewe. Nitasema jambo moja tu. Kila nilipotaka kuruka mbele ili nifike kwenye mistari ya Gsan, alinishika mkono. “Subiri,” aliniambia, “hajamaliza.”

Hitimisho

Wahakiki wa nje waliona shuka wakafurahi. Sisi tuliona shuka lile lile tukanuna. Pande zote mbili tulikuwa tunatazama. Napendekeza tuanze upya na kazi ndogo isiyo na sifa: kuandika maneno ya nyimbo hizi, Kiswahili na Kimaa, na kuyafasiri kwa msaada wa wenye lugha. Gazeti letu lina nafasi. Mimi nimeshaandika ya Kiswahili ya nyimbo nne. Ya Kimaa yanamsubiri mwenzangu amalize mitihani.