Mikono Inayojua Kungoja

Watu wanaojitolea kuokoa wanyama husifiwa kwanza kwa moyo wao. Husemwa kuwa wana huruma na imani, na maneno hayo ni ya kweli, ila kwa maoni yangu yanasifu kile kidogo na kuacha kikubwa. Huruma haijawahi kuadimika. Mweke mnyama aliyeumia katikati ya watu kumi, na saba kati yao watataka kumsaidia papo hapo, kila mmoja kwa namna yake, na huenda namna zote saba zikamuua. Kilicho adimu ni ujuzi wa kuitia huruma hiyo breki. Ukiitazama kazi hii inavyofanywa pwani ya Afrika Mashariki kwa kasa wanaonaswa katika nyavu, utaona kwamba sehemu yake ngumu zaidi ni kujizuia: kujua lini usivute, lini usigeuze, lini usimrudishe baharini, na lini ufunge mdomo mbele ya mvuvi aliyekuita.

Mchukue kasa aliyelala katika jarife usiku kucha. Kasa hana matamvua kama samaki, hewa huivuta juu ya maji kama sisi. Akiwa ametulia chini ya mwamba anaweza kukaa saa kadhaa bila kupanda, lakini akinaswa hupigana, na kupigana huko humaliza pumzi yake upesi. Asubuhi mvuvi akivuta jarife humkuta mapezi yamelegea, shingo imening'inia, macho yamefumba. Hapo yako makosa mawili. La kwanza ni kumwona mzoga na kutafuta kisu. La pili ni la mwenye huruma, anayemsukuma majini haraka ili akapate nafuu kwao. Kasa aliyezimia hawezi kuinua kichwa kuvuta hewa, kwa hiyo mwenye huruma anamzamisha kwa mkono wake. Aliyefundishwa humlaza kifudifudi, kamwe si chali, akainua sehemu ya nyuma kiasi cha sentimita 15 ili maji yatoke mapafuni, akamweka kivulini na kumfunika kitambaa kibichi bila kuziba pua. Kisha hungoja. Huenda ikawa saa 4, huenda ikafika 24. Mara kwa mara humgusa taratibu pembeni ya jicho au kumfinya mkia, atazame kama kuna kinachoshtuka. Zaidi ya hapo hana la kufanya, na anayepita ufukweni atadhani amekuta watu waliokosa kazi.

Mambo mengine ya fani hii yana sura hiyohiyo. Ndoano iliyomezwa ikafika kooni haivutwi kwa nguvu, kwa sababu itatoka na nyama. Mshipi hukatwa karibu na mdomo kadiri inavyowezekana, na iliyobaki huachiwa daktari wa mifugo. Mayai nayo, ambayo kwa kawaida hufika mia moja na zaidi katika shimo moja lenye umbo la mtungi, yakitagwa chini ya alama ya maji ya bamvua yatafunikwa na bahari na kuoza, kwa hiyo hubidi yahamishwe. Lakini saa chache baada ya kutagwa, kiinitete cha kasa hujibandika ndani ya ganda, upande wa juu, na yai likigeuzwa kuanzia hapo kiinitete hufa. Anayeyahamisha hulitoa yai moja moja likiwa limekaa vilevile lilivyokutwa, kisha huchimba shimo jipya lenye kina kilekile, kwa kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua watoke majike au madume: joto likizidi huzidi majike. Asiyefika kwa wakati hana budi kuyaacha yalipo na kukubali hasara. Hata vitoto vikishatoka usiku havibebwi hadi majini, hata kama mkono unawasha. Huachwa vitambae vyenyewe vikifuata mwanga wa upeo wa bahari, na kazi ya aliyesimama pale ni kuzima tochi, kuwazuia kaa na mbwa, na kuwaomba wenye hoteli wazime taa za ufukweni. Hilo la taa, nakiri, huhitaji subira kuliko mengine yote.

Kujizuia kwa ulimi ndiko kusikosifiwa kabisa. Kasa wengi huonwa kwanza na mvuvi, na mvuvi asipopiga simu hakuna uokoaji. Huko Watamu, pwani ya Kenya, mahali palipo na hifadhi ya bahari tangu 1968, kundi la Local Ocean Conservation limejenga kazi yake ya kuokoa kasa walionaswa juu ya simu hiyo. Mpango wao ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na uokoaji waliouandika umepita mara 20,000. Mvuvi akipiga, wao huenda, humpima kasa gamba, humkagua majeraha na uvimbe, humfunga kibati chenye namba kwenye pezi, kisha humwachia ndani ya hifadhi. Mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kufidia muda na simu. Hawamhubirii. Hawamuulizi kwa nini alitega pale. Jarife lake huenda limechanika, na siku yake ya kazi imeharibika, na mtu wa namna hiyo akikaripiwa mara moja tu, kasa anayefuata atakatwa vipande kimyakimya.

Wapo wasemao kwamba hata hicho kidogo ni chambo: mpe mvuvi fedha kwa kasa, naye ataanza kuwinda kasa. Hoja ina uzito, na mpango wa namna hii ukiongozwa ovyo utafika huko. Ndiyo maana malipo huwekwa chini sana ya thamani ya nyama na mafuta ya kasa, na ndiyo maana kibati kina namba, kwa kuwa mtu akimleta kasa yuleyule mara nyingi mno daftari litasema. Ila anayepinga malipo yote aseme pia nani abebe gharama. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa, lakini sheria haimrudishii mvuvi petroli yake.

Pingamizi zito zaidi ni la hesabu: kasa mmoja katika bahari yote ana faida gani? Mwaka 1987 wanaikolojia Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichunguza kasa wa kusini mashariki mwa Marekani, wakaonyesha kwamba hata mayai yote yangelindwa, idadi ya kasa hao ingezidi kupungua. Kilichoweza kuigeuza hali ni kupunguza vifo vya kasa wakubwa ambao hawajaanza kutaga, wale hasa wanaonaswa katika nyavu. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa. Aliyekwisha kuepuka kaa, ndege na papa kwa miaka kumi ana thamani kubwa mno kwa kizazi chake kuliko shimo zima la mayai. Kwa hiyo anayekaa na kasa aliyezimia hajidanganyi. Amesimama penye faida kubwa.

Siku hizi wenye kupinga wana silaha mpya. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kasa wa kijani katika orodha ya walio hatarini, kwa kuwa idadi yake duniani imepanda. Habari njema, na imetokana na miongo ya kazi ya namna hii hii, kwa hiyo kuitumia kama sababu ya kuiacha ni ajabu. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, bado yumo katika hatari kubwa kabisa. Na anayesema watu kwanza, wanyama baadaye, akumbuke Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024: watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa, na makumi wakalazwa, baada ya kula nyama ya kasa. Sumu inayoweza kuwamo katika nyama hiyo haionekani, na kupika hakuiondoi. Kijiji chenye mtu anayejulikana wa kuitwa kasa anaponaswa kina sababu moja zaidi ya kutompeleka chunguni.

Pingamizi moja silipingi. Neno kujitolea mara nyingi huficha ukweli kwamba vijana wa vijiji vya pwani hukesha ufukweni kwa posho ndogo au bila posho, huku wageni wakilipa ada nzuri kwa mashirika mbalimbali duniani ili wafundishwe na vijana wa aina hiyo kwa wiki mbili, kisha warudi kwao na cheti. Mgeni si tatizo, na ada yake hununua dawa. Lakini cheti hicho kingepaswa kuanza kutolewa kwa aliyemfundisha, tena kikiwa kimeambatana na mshahara.