Siku ya Posho: Hesabu ya Kalori Ikifika Katanika



Vijana wengi wenye kumaliza universite hapa Kalemie siku hizi wako na programu ya kuhesabu kalori ndani ya simu. Unaandika umri, kilo na urefu. Unaandika umekula nini. Ukikimbia asubuhi, programu inakuambia umechoma 420, basi una haki ya kula 420 zaidi. Na kama siku ya mungu ulizidisha kwenye ndoa ya rafiki, inakupangia kulipa kidogo kidogo kuanzia kazi moja mpaka siku ya posho, ili mwisho wa juma hesabu ikae sawa. Ni kama deni la dukani: unachukua leo, unarudisha kesho.

Mimi ni mtu wa agronomia, si daktari. Lakini kalori ilikuwa jambo la shamba mbele ya kuwa jambo la simu. Kwa hiyo nataka kupima wazo hili la kusawazisha mazoezi na chakula kwa juma. Nitatumia kitabu kimoja chenye kulichambua vizuri, kisha nitakipima kitabu chenyewe kwa maisha ya Katanika, hapa hapa kwetu.

Kitabu kinaitwa Burn. Aliyekiandika ni Herman Pontzer, mwalimu wa Universite ya Duke kule Marekani, na kilitoka mwaka 2021. Nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, na sikuchoka. Anaeleza mambo magumu kama mtu mwenye kukaa nawe barazani.

Moyo wa kitabu ni Wahadza, watu wa kando ya ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Kila siku wanatembea kilometa nyingi. Watu wa sayansi walidhani kwamba lazima wanachoma kalori nyingi kupita mtu wa ofisi wa Marekani. Pontzer na wenzake wakaenda kupima. Matokeo yalitoka mwaka 2012, kwa watu wazima 30: wanaume walikuwa wanatumia karibu kalori 2600 kwa siku, wanawake karibu 1900. Ukizingatia ukubwa wa mwili, kumbe ni sawasawa na watu wenye kushinda kwenye kiti.

Maelezo yake ni haya: mwili haufanyi kazi kama kopo lenye tundu, ukizidisha kazi linamwaga zaidi. Unafanya kazi kama mama mwenye bajeti ya nyumba. Kazi ikiongezeka, unapunguza matumizi mahali pengine ili jumla isipande sana. Anatoa pia mfano wa wakimbiaji waliovuka Marekani mwaka 2015, karibu marathoni 6 kila juma, kwa muda wa juma 20. Mwisho wa safari, miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 600 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa mbio zile.

Kuna mambo mawili ambayo kitabu hiki kinatufundisha vizuri.

La kwanza ni juu ya kipimo chenyewe. Wahadza walipimwa kwa maji yenye alama. Mtu anakunywa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha anatoa mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni inatoka pamoja na maji tu. Oksijeni inatoka pamoja na maji na pia pamoja na gesi ya kaboni tunayoipumua nje. Tofauti kati ya hizo mbili inaonyesha gesi ya kaboni kiasi gani mwili ulitengeneza, na kutoka hapo unapata kalori. Hicho ndicho kipimo chenye kuaminiwa zaidi duniani kwa mtu mwenye kuishi maisha yake ya kawaida, na hakiwezi kukupa hesabu ya siku moja. Kinakupa wastani wa juma moja au mawili. Sasa kama chombo cha maabara kinahitaji juma, simu yenye kuhesabu hatua inapata wapi ile 420 ya leo asubuhi? Inakadiria tu. Kwa hiyo wenye kusema "tazama juma, usitazame siku" wako na haki.

La pili ni ukubwa wa hesabu. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilometa 5, anatumia karibu kalori 300. Chupa kubwa ya bia inabeba karibu 300 vilevile. Zile dakika 35 za jasho zinamalizika mbele ya jua kutua. Tena zile 300 hazibaki zote. Utafiti mwingine uliotoka mwaka huo huo wa 2021, kwa watu wazima 1754, ulionyesha kwamba kwa wastani mwili unarudisha karibu asilimia 28 ya kile ulichofikiri umechoma. Yaani 300 yako inabaki kama 216. Ukila "zawadi" ya 420 ambayo simu imekupa, umeongeza deni huku ukifikiri umelipa.

Hapo lakini ninamshika Pontzer mkono. Ukisoma Burn haraka, unaweza kutoka na imani kwamba mazoezi hayachomi kitu kabisa. Asilimia 28 si asilimia 100. Sehemu kubwa inabaki. Yeye mwenyewe anasema mazoezi ni ya lazima kwa afya, kwa moyo na kwa presha, lakini mfano wake wa bajeti anauvuta kwa nguvu mpaka msomaji anasahau kwamba bajeti inaweza kupanda.

Basi kwa mtu wa ofisi wa katikati ya mji, hukumu yangu ni fupi. Kimbia, juu ya moyo wako. Kula kwa kadiri, juu ya kilo zako. Usitumie moja kununua nyingine. Na kama unataka kutazama hesabu, itazame kwa juma.

Sasa twende Katanika.

Wengi wetu tunajua Katanika kama mtaa wa pembeni ya mji, na kama mahali ambapo watu waliokimbia vita vya Waluba na Watwa walikuja kulala chini ya maturubai, hasa tangu 2016 na 2017. Mama wa Katanika mwenye kushuka mjini na makala kichwani, kisha kupanda na maji, kisha kuinamia jembe, anafanya mazoezi kupita klabu yote ya futingi. Hakuna programu yenye kumhesabia. Tumhesabie sisi.

Tuseme ana miaka 25 na kilo 50. Kwa hesabu ya OMS na FAO, mwili wake ukilala tu kitandani siku nzima, unapumua na moyo unapiga, unahitaji karibu kalori 1230. Mtu mwenye kazi za kukaa anazidisha kwa 1.5 hivi: karibu 1840. Mtu mwenye kazi nzito anazidisha kwa 2 au zaidi: 2450 na kupanda. Posho kamili ya PAM inahesabiwa kwa kalori 2100 kwa mtu, wastani wa watoto na wakubwa pamoja, kwa watu wenye kazi nyepesi. Pesa za wafadhili zikipungua, posho inakatwa. Nusu ya posho ni 1050. Kama hana chakula kingine, hiyo iko chini ya kile anachohitaji akiwa amelala.

Hapa ndipo kasoro ya kitabu inaonekana. Bajeti ya Pontzer imeandikwa kwa msomaji mwenye chakula mezani. Kwake, mwili kukata matumizi ni habari njema: unapunguza uvimbe wa ndani, unapunguza homoni za wasiwasi zilizozidi. Kwa mtu mwenye sahani tupu, mwili unakata nini? Unakata nguvu ya kupigana na maleria. Unakata hedhi. Unakata maziwa na kilo za mtoto wa tumboni. Kitabu kinaligusa jambo hilo, lakini kinapita haraka kurudi kwa matatizo ya unene.

Ushahidi uko, na ni wa Afrika. Kule Keneba, kijiji cha Gambia, watafiti walifuatilia wanawake wakulima kwa miaka mingi. Mvua ikianza, kazi ya shamba inapanda na ghala zinakauka kwa wakati mmoja. Wanawake wanapoteza kilo, na watoto wenye kuzaliwa majira hayo wanatoka wadogo. Walipowapa wajawazito biskuti zenye karibu kalori 1000 kwa siku, uzito wa watoto wa majira ya njaa ulipanda kwa wastani gramu 201. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1997. Kwa hiyo, kwa mkulima, hata juma ni fupi. Hesabu yake ni ya majira. Kwetu mvua inaanza karibu mwezi wa kumi, na njaa inabana kuanzia palizi mpaka mahindi mabichi yatoke.

Tena kuna jambo ambalo wenye kusifu "usawa wa juma" hawalisemi. Kusawazisha kwa juma ni kukopa kutoka mwili wako mwenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba karibu kalori 7700. Mwenye nazo anaweza kula kidogo siku tatu na kurudisha siku ya nne, hana tatizo. Mama wa kilo 44 atakopa wapi? Kule pembeni juma linafuata pesa: siku makala imeuzwa, nyumba inakula bukari na ndakala, siku haikuuzwa, ni uji au hakuna. Ukipiga wastani, karatasi inaonyesha hali si mbaya. Lakini mtoto wa miaka miwili hawezi kungojea wastani.

Na kalori peke yake inadanganya. Gramu 250 za unga wa muhogo zinakupa zaidi ya kalori 800, lakini protini haifiki gramu 10. Mtu wa kilo 50 anahitaji karibu 40 kwa siku. Gramu 50 za ndakala kavu zinaleta karibu 30. Tunaishi kando ya ziwa Tanganyika, na bado kuna nyumba ambazo ndakala zinanunuliwa kwa kupima na kifuniko cha chupa.

Sasa ndugu agronome wenzangu, mnisikilize. Kuna mradi mmoja ambao niliufanyia kazi, wa kutengeneza mashamba ya pamoja. Akina mama walikuwa wanakuja saa kumi na mbili asubuhi kupiga matuta mpaka saa sita. Chakula kilipangwa kutolewa mwisho wa mwezi. Juma la kwanza walikuja wote. Juma la tatu walikuwa wamepungua sana, na wengine waliokuja walikuwa wanakaa chini kila baada ya mstari mmoja. Raporti iliandika: "ukosefu wa motisha". Hakuna aliyeandika kwamba saa sita za jembe kwa tumbo tupu haziwezekani kwa mwezi mzima. Baadaye mbegu zikagawiwa, na sehemu ikaliwa. Tukashangaa! Mashirika yenyewe yanajua dawa yake: posho ya kulinda mbegu, yaani chakula chenye kufika pamoja na mbegu ili mbegu ibaki ya kupandwa. Ikifika mwezi mmoja nyuma, hailindi kitu.

Lugha yetu inajua jambo hili toka zamani. Siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho. Jina lilitoka wakati wa Wabelgiji, kampani zilipokuwa zinagawia wafanyakazi chakula cha juma. Babu zetu walihesabiwa chakula kwa juma mbele ya simu yoyote, na mwenye kuhesabu alikuwa na shabaha moja: kazi itoke. Hesabu ya chakula haikuanza kama urafiki. Ndiyo maana nauliza kila mara nani ameshika kalkuleta, na anahesabia nani.

Nionavyo, Burn ni kitabu cha kusoma, hasa kwa wenye kuamini simu. Kinakosa sura moja: ya mtu ambaye mazoezi yake hayana likizo na chakula chake hakina ahadi. Sura hiyo tunaweza kuianza sisi wenyewe, kwa kazi ndogo. Ukiandika mradi, kando ya mstari wa mbegu na majembe weka mistari mitatu: saa ngapi za kazi kwa juma, kilometa ngapi za kutembea na mzigo, na mfanyakazi anakula nini, saa ngapi, mbele ya kazi au nyuma. Kama mstari wa tatu hauna jibu, punguza saa, leta kisima karibu, leta mashini ya kusaga karibu, au panga sufuria ya maharagwe saa nne. Kilometa moja ya maji iliyoondolewa kichwani ni chakula kilichobaki mwilini.

Mvua za mwezi wa kumi haziko mbali. Wenye kuandika miradi ya majira haya, ile mistari mitatu iwekeni toka sasa, mbele bajeti haijafungwa.